Pita, Shemeji

Hospitalini walimwita Bwana Pole, na hakuna aliyeliona jina hilo kuwa la utani. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, yule anayekushika mkono ukilazwa kwenye kile kitanda chembamba chini ya taa kubwa, akakuambia taratibu uvute pumzi, uvute tena, hivyo hivyo, pole, pole. Watu walitoka mle ndani wameshonwa tumbo na bado wanaulizia habari za yule baba mwenye sauti nzuri. Wengine walirudi siku ya kutolewa nyuzi wamembebea ndizi.

Sasa mtu huyohuyo umpe usukani wa mashua ndogo ya tanga, siku ya Jumamosi, katikati ya bwawa. Lo! Kelele zake zilifika mpaka kwenye nyumba ya pampu ng'ambo ya pili, zikagonga ukuta, zikarudi. "Vuta! Nimesema vuta! Haya legeza, legeza, kwani umelala? Mgongo nje! Nje zaidi!" Na aliyekuwa akivutishwa na kulegezeshwa na kutolewa mgongo nje alikuwa mke wake wa ndoa.

Mke huyo ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa fundi wa mapazia, na mji mzima ulimwita Fundi tu, bila la ziada. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, moja ya vitambaa vyepesi na moja ya turubai, sampuli zimening'inia ukutani kwa rangi zake, debe la pete za pazia karibu na mlango ambalo kila mgeni alilipiga teke. Na dirisha moja kubwa lisilo na pazia. Wateja walilicheka sana dirisha lile. "Nikimaliza yenu nitashona langu," aliwajibu, na ulikuwa uongo mtupu. Kupitia dirisha hilo, kati ya paa la benki na tangi la maji, aliona kipande cha bwawa, na hakuwa na nia ya kukifunika.

Hakuzaliwa na maji, mama wa watu. Alikulia kwenye nchi kavu ya mashamba ya alizeti, ambako maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa kwenye pipa la mvua la mjomba wake. Wiki waliyooana, Bwana Pole alimwambia ana zawadi yake, akampeleka bwawani, akamwonyesha mashua iliyokuwa inavuja. Hawajafika hata kwenye boya la kwanza, ikapinduka. Fundi akameza maji, akapoteza kiatu, akaibuka na tanga limemfunika kichwa, na badala ya kulia akacheka mpaka wakashindwa kuiinua ile mashua. Tangu hapo hakukosa Jumamosi, isipokuwa alipokuwa mjamzito na mwaka aliofiwa na mama yake. Ukimuuliza kuna nini huko majini, atakujibu bila kupepesa jicho kwamba ni mahali pekee ambapo mteja hawezi kumfuata na vipimo vya dirisha.

Mashua zenyewe ni za watu wawili. Wa nyuma anashika usukani na kamba ya tanga kubwa. Wa mbele ana tanga dogo, na kazi ya kuinama, kuchuchumaa, kukatiza chini ya mti wa tanga, ule unaolishika kwa chini, kila mashua inapogeuka, na kuning'inia nje ili isilale. Wa mbele ndiye anayelowa kwanza na kushukuriwa mwisho. Miaka yote hiyo wa mbele alikuwa Fundi.

Halafu kulikuwa na kaka mtu.

Bwana Pole na kaka yake walikuwa kama chanda na pete. Nchi kavu, yaani. Jumapili moja wanakula kwa huyu, Jumapili ya pili kwa yule, na mmoja akiumwa mwingine halali. Lakini zamani waliwahi kununua mashua moja kwa ushirika, wakashindwa kuelewana nani ashike usukani, kila mmoja akatafuta yake, na kuanzia hapo wakiwa majini hawakumwona binadamu mwingine ila wao kwa wao. Kaka mtu alikuwa mpima viwanja, amezoea kuchungulia kwenye kidude chake na kuwaambia watu ukuta wao umeingia kwa jirani. Fundi alimwita Shemeji, na yeye akamwita hivyohivyo. Mtu wake wa mbele alikuwa mkwewe, mume wa binti yake, daktari wa meno mwenye adabu zake, ambaye hajawahi kumpinga baba mkwe hata siku alipoelekezwa moja kwa moja kwenye mawe.

Mchezo wa ndugu hawa ulikuwa kukaliana. Maana mashua haiwezi kwenda kule kule upepo unakotoka. Inauendea kwa ubavu, kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka inafika. Sasa ukikaa kati ya mwenzako na upepo, tanga lako linamlia upepo wake, naye anabaki na makombo. Akigeuka kukukimbia, nawe unageuka, unamkalia tena. Ni mbinu halali kabisa, na mtu akiitumia mwishoni kulinda ushindi wake watu wanampigia makofi. Hawa waliianza pale pale honi ya kuanzisha mashindano ilipolia. Geuka, nageuka. Geuka, nageuka. Kila kugeuka kunaua mwendo, na wao wakiendelea kuuana mwendo, mashua nyingine zinapita huku na huku, watu wanawapungia mikono. "Waacheni," wanachama wa klabu ya mashua walisema, "wana kesi yao." Kesi hiyo ilisikilizwa kila Jumamosi na hukumu ilikuwa ileile: katika mashua ishirini, mmoja wa kumi na saba, mwingine wa kumi na nane. Na yule wa kumi na saba alitembea kifua mbele wiki nzima! Usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Huko mbele Fundi aliona yote. Kwa kuwa hakuwa na ndugu wa kumtolea macho, aliyatazama maji. Alijua kwamba upepo wa bwawa lile hauji sawasawa. Unapenya kwenye mwanya wa vilima viwili, unashuka kwa mafungu, na pale unapogusa maji yanakuwa meusi kidogo, yana mikunjo. Alijua kwamba mchana ukikaribia kuisha, katikati panalala kabisa na pembeni ndiko kunakoamka. Alisema. "Mume wangu, kulia kunakuja upepo." Akajibiwa, "Achana na kulia, kaka anageuka!" Basi akawa anajisemea mwenyewe, kama mtu anayesikiliza redio peke yake.

Mwaka ule magoti yakamgomea. Yalianza kwenye ngazi za chumba cha kazi, yakahamia kwenye mashua. Akichuchumaa, kuinuka ni shughuli. Akiinuka, anang'ata meno. Daktari alimwambia akae kwenye kiti cha kawaida na aache kujikunja. Siku moja jikoni, akiosha vyombo, akamwambia mumewe: "Mbele siwezi tena. Tubadilishane. Wewe una magoti ya kijana."

Bwana Pole akakausha sahani, akaiweka rafuni. "Mke wangu," akasema kwa sauti ileile ya hospitali, "usukani si cherehani."

Ala! Fundi alimaliza vyombo, akafuta sinki, akaenda kulala. Lakini neno lile lilimchoma, wacha wee, lilimchoma mpaka kwenye maini, na lililomchoma zaidi ni kwamba lilisemwa kwa upole.

Jumamosi iliyofuata wakiwa majini, mumewe alipompigia ukelele wa kwanza, Fundi aliachia kamba. Akakaa vizuri kwenye sakafu ya mashua, akakunja mikono. Tanga dogo likawa linapigapiga hovyo. Mashua ikasimama. Kaka mtu akawapita akiwa ameinua kofia kwa furaha.

"Unafanya nini?" Bwana Pole akapiga kelele. "Shika kamba!"

"Sishiki kitu mpaka unisemeshe kama unavyowasemesha wagonjwa wako."

"Watu wanatuona!"

"Waone."

Wakaelea pale mpaka bata wakawazoea. Mwishowe Bwana Pole akashusha pumzi, na Fundi akatoa masharti yake. Apewe usukani kwenye mashindano ya mwisho ya msimu. Akiwa ndani ya kumi bora, usukani ni wake mwaka kesho na mumewe ahamie mbele. Asipokuwa, basi yeye atabaki nchi kavu, mumewe atafute mtu mwingine wa mbele, na jambo hilo halitatajwa tena.

"Kumi bora!" Bwana Pole akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Sisi hatujawahi kuwa kumi bora."

"Wewe hujawahi," akasema Fundi.

Aliyasema kwa ujasiri. Lakini alijiona Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake akiwa amesimama kwenye lile dirisha, anatazama kipande cha maji kati ya benki na tangi, vitanga vidogo vinapita, kimojawapo chake. Aliogopa. Hakumwambia mtu, ila usiku kucha alikuwa akigeukageuka kitandani hadi Bwana Pole akauliza kama ni magoti, naye akasema ndiyo, ni magoti.

Siku yenyewe ikafika, upepo wa wastani, jua la kutosha. Kwenye gati ndogo ya klabu watu walipomwona Fundi akikaa nyuma na Bwana Pole akijikunja mbele, miguu yake mirefu haijui pa kwenda, wakaguna kwa raha. Kaka mtu akaja kabisa kutazama.

"Shemeji," akasema, "leo umeipindua serikali?"

"Nimemhamisha idara tu, Shemeji."

"Basi leo nina wa kumkalia kwa raha. Utanisamehe."

"Karibu," akasema Fundi, akaanza kukunjua kamba ya tanga.

Mstari wa kuanzia ulikuwa kati ya boti ya msimamizi na boya la rangi ya chungwa. Kila mtu alitaka kuanzia karibu na boti ya msimamizi, kwa sababu ndivyo walivyozoea, na ndivyo walivyozoea pia kugongana hapo na kutukanana. Fundi alikaa mbali nao. Alitafuta nafasi katikati ya mstari, akalegeza tanga, akasubiri. Bwana Pole alikuwa amefumba mdomo hadi misuli ya shingo imemtoka.

"Unataka kusema nini?" Fundi akauliza.

"Hakuna."

"Sema kwa sauti ya wodini."

"Pole, mke wangu," akanong'ona, "lakini wenzetu wote wako kule."

"Nimewaona. Vuta taratibu. Sasa vuta."

Honi ikalia. Kule kwenye boti ya msimamizi kukawa na vurumai, mashua mbili zimeshikana kamba, mtu anapiga kelele kuhusu haki yake. Fundi akatoka katikati na maji matupu mbele yake. Hakuna mgongo wa mtu wala tanga la mtu. Alisahau hata kuogopa. Mkono wa usukani ulikuwa ukitetemeka kidogo kwenye kiganja chake, kama mdudu hai, na akagundua kwamba ukiuminya mashua inanuna, ukiulegeza inakimbia. Miaka yote mumewe alikuwa ameukaba!

Mbele Bwana Pole naye alikuwa akijifunza mambo. Aligonga kichwa kwenye mti wa tanga. Alikanyaga kamba aliyotakiwa kuivuta. Mara mbili, kwa mazoea ya kuamua yeye, aliruka upande wa pili kabla Fundi hajageuza, akabaki kule peke yake, mashua inalalia alipo na maji yanamwingia kifuani. "Nani amekuambia tunageuka?" Fundi akauliza. Bwana Pole akarudi mahali pake kwa magoti. "Hivi kila wiki unafanya haya?" akauliza baadaye, akihema. Fundi akasema ndiyo, kila wiki, na huku anapigiwa kelele.

Wakazunguka boya la juu, kule upepo unakotoka, wakiwa wa nane. Wa nane! Bwana Pole alihesabu mara mbili kwa kidole. Wakashuka na upepo nyuma, matanga yamefunguka, joto la jua mgongoni, wakazunguka boya la chini wakiwa bado wa nane. Ikabaki safari moja ya kupanda hadi mstari wa mwisho. Kumi bora ilikuwa mkononi, ilimradi wasiiachie. Na wa tisa, pua yake inakaribia kugusa nyuma ya mashua yao, alikuwa nani kama si kaka mtu.

Mara tu alipozunguka boya, kaka mtu akashika njia ya kushoto, mbio.

"Anakwenda kushoto!" Sauti ya wodini ikafia hapo hapo. "Mkalie! Mke wangu, mkalie, anatoroka!"

Fundi akatazama maji. Katikati, kule mashua saba za mbele zilikoelekea, palikuwa pameanza kung'aa, laini, hakuna mkunjo hata mmoja. Kushoto palikuwa na weusi kidogo. Kulia, chini ya kilima cha nyumba ya pampu, palikuwa na weusi mzuri zaidi unaotambaa kuja. Angeweza kumfuata Shemeji. Angemkalia, Shemeji angegeuka, naye angegeuka, na hayo maji yanayong'aa yangewameza wote wawili. Alikuwa ameitazama filamu hiyo kila Jumamosi kwa miaka. Alijua mwisho wake.

Lakini akikosea? Akienda kulia na kulia kukafa, zile mashua za nyuma zingepita zote. Kumi bora ingekwenda, usukani ungekwenda, na Jumamosi zingekwenda.

"Tunakwenda kulia," akasema.

"Kulia? Na kaka?"

"Kaka yako ana safari zake."

Akageuza. Bwana Pole alivuta kamba yake kama alivyotakiwa, lakini shingo ilibaki imegeukia kushoto, anamtazama kaka yake akizidi kuwa mdogo, kama mtu aliyeacha mzigo stesheni. "Baba watoto," Fundi akamwambia, "utaitegua hiyo shingo. Macho yako nayataka mbele. Niambie upepo ukigusa." Taratibu sana akageuka. Akatazama maji kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu amnunulie mke wake ile mashua inayovuja. Kisha akasema, kwa sauti yake kabisa ya hospitalini, bila kulazimishwa: "Unakuja. Unakuja. Bado kidogo. Sasa."

Upepo ukawapiga. Mashua ikainama, Bwana Pole akatupa mgongo nje, maji yakawarushia usoni, na wakakimbia. Kule katikati mashua zilikuwa zimesimama, matanga yananing'inia kama nguo za kufuliwa, watu wanapuliza kwa midomo kwa mzaha na kwa hasira. Wakaipita moja, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Fundi alikuwa akicheka na hakujijua. Alipofika pembeni vya kutosha akageuza kuelekea mstarini, na hapo ndipo alipomwona Shemeji.

Kumbe kushoto nako kulikuwa na upepo. Shemeji alikuwa akirudi kutoka ng'ambo ile, mbio hivyo hivyo, tanga limejaa, na njia zao zilikuwa zinakwenda kukutana mbele kidogo ya mstari wa mwisho. Mashua moja tu ndiyo iliyokuwa mbele yao. Nyuma, ile pumzi ya pembeni ilikuwa imeanza kuwafikia wengine, watatu au wanne wanakuja kwa kasi.

Kanuni ya majini ni moja na kila mtu anaijua: anayepata upepo kwa mkono wa kulia ndiye mwenye haki, wa kushoto anampisha. Haki ilikuwa ya Fundi. Shemeji angelazimika kugeuka chini ya pua yao.

"Tuna haki!" Bwana Pole alipiga kelele mpaka bata wakaruka. "Tuna haki! Mlazimishe! Mbane, mbane ageuke!"

Na Shemeji alikuwa tayari. Alikuwa ameinuka nusu, mkono umekaza usukani, uso wote umejaa ile furaha ya vita. Angegeuka hapo hapo chini yao, angewanyang'anya upepo, wangeanza. Geuka, nageuka. Fundi aliona yote kabla hayajatokea, na akaona pia yale matanga ya nyuma yanavyokua. Hasira zilimshika ghafla, si kwa mumewe tu, kwa wote wawili, watu wazima wenye wajukuu.

"Pita, Shemeji!" akapaza sauti. "Pita! Nakupisha!"

Akausogeza usukani kidole kimoja ili apite nyuma yake.

Bwana Pole alipigwa na butwaa. Lakini aliyepigwa zaidi ni kaka mtu. Hakuwahi kupishwa maishani mwake, si na familia hii. Mkono ukaganda kwenye usukani. "Mtego huo!" akamwambia mkwewe. "Wana lao hawa! Jiandae tugeuke!"

Ndipo yule daktari wa meno, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia majini, akafungua mdomo.

"Baba, pita!" akapiga kelele. "Nakuheshimu, baba, lakini pita!"

Shemeji akapita. Mashua yake ikakata mbele yao karibu kabisa, Fundi akaona macho yake yamemtoka, akapita nyuma yake karibu kiasi cha kuweza kumpa mkono, na kila mmoja akaendelea na njia yake bila kupoteza hata pumzi moja. Honi ikalia kwa mshindi. Ikalia kwa Shemeji, wa pili. Ikalia kwa Fundi, wa tatu.

Wa tatu. Alikiachia kile kimkono cha usukani kana kwamba kimekuwa cha moto, kisha akakishika tena haraka. Akalia kidogo na kucheka kidogo, pua inamtiririka, hana hata kitambaa, yeye mwenye vitambaa chumba kizima. Mbele, Bwana Pole alikuwa amekaa amempa kisogo. Hakugeuka mpaka walipofika gatini.

Pale gatini watu walikuwa wamejaa, wanacheka, wanawapiga migongo. Kaka mtu aliruka majini hadi magotini, akaja moja kwa moja kwa mdogo wake. Hakuwa na sura ya mshindi. Alikuwa kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua.

"Nimekuwa wa pili," akasema. "Mimi. Wa pili."

"Nimeona."

"Ulikuwa na haki. Kwa nini uliniachia?"

Bwana Pole alikuwa ameshika kamba ya kufungia mashua, anaizungusha mkononi bila kuifunga popote. Akamtazama kaka yake, akamtazama mkewe, akarudi kwa kaka yake.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Usukani ni wake."

Shemeji akamgeukia Fundi, na Fundi akamwambia ukweli, kwa kuwa alikuwa amechoka na hakuwa na nguvu za kuupamba. "Shemeji, nimekaa mbele miaka yote nikiwatazama mnavyozuiana. Sikujua nani kati yenu ni mzuri. Nilitaka kuona mkiachiana njia mnafika wapi."

Hakuna aliyecheka. Kaka mtu alivua kofia, akapangusa kichwa chenye mvi, akatazama bwawa lote kutoka boya hadi boya kama anapima kiwanja. Midomo ilimcheza. "Kumbe tulikuwa tunafika," akasema polepole. "Miaka yote hii, kumbe tulikuwa tunafika." Akamshika mdogo wake begani, akaminya, akaondoka kumsaidia mkwewe kuteremsha tanga. Njiani alisikika akimuuliza yule daktari wa meno ana maoni gani mengine ambayo amekuwa akiyameza.

Wakabaki wawili. Fundi alikuwa bado amekaa nyuma, magoti yamenyooshwa, hayamuumi. Jua lilikuwa kwenye maji na nguo zimeanza kumkaukia mwilini. Bwana Pole akachuchumaa kando ya mashua, mkono mmoja kwenye ubao, karibu na mkono wake. Alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso pale alipojigonga, na alama ya kamba kwenye viganja vyote viwili. Alivuta pumzi, akavuta tena.

"Mwaka kesho," akasema, na ile sauti iliyowavusha watu wote wale kwenye usingizi ikakwama katikati, ikabidi aianze upya. "Mwaka kesho, utanichukua mimi?"